Gari kubwa ni salama zaidi? Inategemea unagongana na nini

Nenda yadi yoyote ya magari Dar es Salaam, ubishi ni uleule. Mwenye fedha anaizunguka Toyota IST, anafungua mlango, anakagua buti. Shemeji yake anamvuta mkono kuelekea kwenye Prado ya zamani: "Shemeji, nunua chuma. Hilo ni kopo, ukigongwa umekwisha." Shemeji hakosei. Ana sehemu ya ukweli, ila ni sehemu tu, na iliyobaki ndiyo inayoua watu wengi zaidi.

Tuanze pale anapopatia. Magari mawili yakivaana uso kwa uso, zito hulisukuma jepesi. Mtu mzima na mtoto wakikimbia na kugongana kwenye kona ya nyumba, anayeanguka chali ni mtoto. Hesabu yake si ngumu. Chukua gari la tani 1 na la tani 2, kila moja likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa. Yakishagongana yataelekea lilikotoka lile dogo, kwa mwendo wa kama kilomita 17 kwa saa. Aliyeko kwenye gari kubwa amepunguziwa mwendo kwa kilomita 33 hivi. Aliyeko kwenye dogo ametoka 50 kwenda mbele akajikuta 17 kurudi nyuma, yaani badiliko la kilomita 67, mara mbili ya mwenzake, kabla hata hajapepesa jicho. Badiliko hilo la ghafla ndilo linalopasua ini na kuchana mshipa mkubwa wa damu, hata kama ngozi haina mchubuko.

Jambo hili limejaribiwa kwa vyuma vyenyewe. Mwaka 2009 taasisi ya IIHS ya Marekani, inayofadhiliwa na kampuni za bima, iligonganisha Toyota Yaris na Toyota Camry, kila moja ikiwa kwenye kilomita 64 kwa saa. Yaris ni ndugu wa Vitz ya Japani tunayopishana nayo kila siku Mwenge na Mbagala. Katika jaribio la kugonga kizuizi ilikuwa imefaulu vizuri. Ilipokutana na Camry, ambayo wala si gari la juu, ikapewa alama ya chini kabisa. Ndiyo maana nyota za usalama zisomwe kwa uangalifu. Jaribio la kugonga kizuizi linafanana na kugongana na gari lenye uzito kama wako, kwa hiyo nyota 5 za gari dogo hazilingani na nyota 5 za gari kubwa. Linganisha dogo na dogo, kubwa na kubwa.

Hadi hapo shemeji anaongoza. Lakini mwaka huohuo IIHS walifanya jaribio jingine. Walichukua Chevrolet Bel Air ya 1959, refu, pana, bodi nzito ya enzi zile ambayo wazee huisifia kwamba ukiipiga teke unaumia wewe, wakaigonganisha na Chevrolet Malibu ya 2009. Bel Air ilijikunja hadi kwenye kiti cha dereva, na mwanasesere aliyekuwa kwenye usukani, angekuwa mtu, angekufa. Wa Malibu angetoka na maumivu ya mguu. Gari la kisasa limetengenezwa ili pua yake ikunjike na kula nguvu ya mgongano, huku chumba cha abiria kikibaki kigumu. La zamani halikujua kutofautisha: chuma kile kile kigumu kilimpelekea dereva nguvu yote kifuani, kisha chumba nacho kikamkunjikia.

Mfano wa karibu zaidi na sisi ni Nissan Hardbody, pikapu ambayo mashirika, miradi na wakulima wakubwa wameitumia miaka nenda rudi. Mwaka 2018 taasisi ya Global NCAP iliipima dabo kebini ya NP300 Hardbody iliyokuwa ikiuzwa mpya Afrika. Ilikuwa na mifuko ya hewa miwili, na bado ikapata nyota 0 kwa usalama wa watu wazima, kwa sababu bodi yenyewe haikuhimili. Mwaka uliotangulia, katika mradi huohuo, Toyota Etios, gari dogo la bei ya kawaida, ilipata nyota 4. Mwaka 2020 wakaenda mbali zaidi: wakaigonganisha Hardbody mpya ya soko la Afrika na Nissan Navara ya 2015 iliyotumika Ulaya. Kampuni moja, aina moja ya gari. Dereva wa Navara ya mtumba angeshuka na kutembea. Wa Hardbody mpya, kwa tathmini yao, huenda angepoteza maisha. Ukubwa haukuwa na neno pale. Kilichoamua ni jinsi gari lilivyojengwa, na kwa ajili ya soko la nani.

Sasa tuingie barabarani kwetu, maana hesabu ya IST na Prado huonekana vizuri yadini kuliko barabara ya Morogoro. Ukishatoka Kibaha, unayepishana naye ni semi inayokwenda Tunduma, Zambia au Lubumbashi. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu lori lenye mzigo kufika tani 56. IST ina kama tani 1, Prado kama tani 2.2. Kila mmoja akiwa kwenye kilomita 80 kwa saa na mkagongana uso kwa uso na lori la tani hizo, aliye ndani ya IST atapata badiliko la mwendo la kilomita 157 kwa saa. Wa Prado atapata 154. Kwa tofauti ya kilomita 3, umelipia mamilioni mangapi ya ziada? Mbele ya semi sisi sote tuko kwenye Vitz.

Na mara nyingi semi hiyo wala haiendi. Imeharibika usiku, taa hakuna, na ishara pekee ni matawi mabichi yaliyotupwa barabarani mita chache nyuma yake. Gari linaloingia chini ya trela kwa nyuma halitumii pua yake kula nguvu, kwa sababu pua inapita chini na bodi ya trela inafika moja kwa moja kwenye kioo cha mbele. Gari la juu linaweza kukusaidia kidogo hapa, kama boneti yake itakutana na chuma cha trela. Mwendo mdogo usiku utakusaidia zaidi. Ukitoka 70 ukafika 100, nguvu ya mgongano inakuwa mara 2, si nusu ya ziada kama namba zinavyoonekana. Madereva wa magari ya juu huliona hili kwa shida: kiti kiko juu, kelele za barabara hazisikiki, na 120 inakuja bila mtu kuhisi.

Ipo pia ajali isiyohitaji gari la pili. Tairi limepasuka, au ng'ombe amekatiza, dereva anakata usukani kulia kisha kushoto. Hapa urefu unageuka adui. Kinachoamua gari lipinduke au lisipinduke ni upana kati ya magurudumu yake ukilinganisha na kimo cha kitovu cha uzito wake. Gari la chini huteleza, la juu huanza kuegemea, na tairi la pembeni likishika udongo wa bega la barabara, linageuka. Wanaoongeza spesa kwenye springi ili gari lisimame juu zaidi, kisha wakafunga keria na kupakia magunia ya viazi ya kutoka Njombe, wanajitengenezea mpinduko kwa fedha zao wenyewe. Basi kama unataka gari la juu, na sababu zipo za kulitaka, barabara za vijijini na mafuriko zikiwamo, usinunue lisilo na mfumo wa kuzuia gari kuyumba, ule ambao Toyota huuita VSC. Mfumo huu hukamata breki ya gurudumu moja moja gari linapoanza kupotea njia, na IIHS iligundua kwamba hupunguza karibu nusu ya ajali za kuua zinazohusisha gari moja. Magari mengi ya juu ya miaka ya 1990, yale yale yanayosifiwa kwa chuma, hayana.

Kupinduka pia ndiko kunakoonyesha thamani ya mkanda. Bila mkanda, mtu hutupwa nje na gari linamwangukia. Kwa wanaokaa mbele, Shirika la Afya Duniani linasema mkanda hupunguza hatari ya kifo kwa hadi nusu. Hakuna tani moja ya chuma inayoweza kukupa hicho kwa bei hiyo. Na wa nyuma wafunge pia, maana abiria asiyefunga huruka na kumponda aliyeko mbele yake, hata kama mna shangingi la V8.

Kuna watu ambao shemeji hajawataja kabisa: walio nje ya gari. Kati ya wanaokufa barabarani duniani, karibu watu milioni 1.19 kwa mwaka, zaidi ya nusu ni waenda kwa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Gari la chini likimgonga mtu mzima humpiga miguuni na kumrusha juu ya boneti. Lenye pua ndefu iliyosimama humpiga kifuani au kichwani na kumlaza chini ya magurudumu. Utafiti wa IIHS uliotolewa 2023 ulionyesha kuwa magari yenye boneti inayozidi mita 1 hivi kutoka chini yana uwezekano wa takriban asilimia 45 zaidi wa kumuua mtu anayegongwa nayo kuliko yenye pua fupi iliyolala. Ukifunga na bampa la mabomba ya chuma mbele, umeongeza madhara hayo, na unaweza pia kuvuruga wakati ambao mifuko yako ya hewa inatakiwa kufunguka.

Mwenye gari la juu afanye jaribio moja leo uani kwake. Kaa kwenye usukani, mwambie mtu aweke ndoo ya lita 20 mbele kabisa ya bampa, kisha aisogeze mbele polepole hadi uione juu ya boneti. Aache alama pale. Umbali huo wote mtoto anayetambaa anaweza kuwa ndani yake na usimwone. Fanya vivyo hivyo kwa nyuma kabla hujafungua geti asubuhi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye bajeti ya kawaida ni huu: kati ya gari la juu la 1998 na gari dogo au la kati la 2014, lenye VSC, mifuko ya hewa mizima na mikanda mitatu kamili nyuma, chukua la 2014. Kama fedha inaruhusu kupanda kutoka Passo hadi gari la saizi ya Corolla au Premio, panda, maana uzito huongeza usalama zaidi mtu anapotoka kwenye gari dogo sana. Kutoka la kati kwenda kwenye shangingi, faida kwako hupungua sana na hatari kwa wengine huongezeka.

Ukifika yadini, omba karatasi ya mnada wa Japani. Ikiwa daraja lake ni R au RA, gari liliwahi kupata ajali na likatengenezwa. Washa swichi bila kuwasha injini: taa ya mfuko wa hewa na ile ya gari linaloteleza lazima ziwake, kisha zizime zenyewe baada ya sekunde chache. Isiyowaka kabisa, huenda balbu imechomolewa ili kuficha kasoro. Chukua namba ya chesisi uitafute kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza gari, uone kama limo kwenye orodha ya magari yaliyoitwa kubadilishiwa mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata. Kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu, hali ya hewa ya Tanga, Dar es Salaam na Mombasa kabisa, na kifaa chake kikilipuka hurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Toyota, Honda, Nissan na Mazda zote zimehusika.

Mwisho inama kwenye matairi. Kwenye ubavu, karibu na herufi DOT, kuna tarakimu 4 ndani ya kiduara kirefu. 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi la umri huo, hata likiwa na meno yote, badilisha kabla ya safari ya Mbeya, na gharama yake ikatwe kwenye bei ya gari.