Kabla ya Glasi, Uliza Watakunywa Nini

Wadogo zangu mnaofunga ndoa mwaka huu, wekeni simu pembeni kidogo tuongee. Picha hizo nami nimeziona: kitambaa cheupe, maua mezani, na mbele ya kila kiti glasi tatu zenye miguu mirefu, ya maji, ya mvinyo na ya shampeni. Halafu mnaniuliza, dada, kwa wageni 250 nitafikaje huko na kamati imeshasema michango inasuasua?

Hufiki, na wala huna haja ya kufika. Angalia sherehe zetu za Dar es Salaam zinavyokwenda. Mgeni akishakaa, mhudumu anapita kumuuliza atatumia kinywaji gani. Analetewa soda ya chupa, bia au maji. Mnywaji wa bia, ukimpa glasi, mara nyingi anaisogeza pembeni. Kijana wa soda anataka mrija tu. Kwa hiyo mtu wa kwanza wa kuongea naye ni mjumbe wa kamati anayeshughulikia vinywaji, muuza vyombo baadaye. Kama kutakuwa na juisi ya kumimina kwenye jagi, kila mgeni anahitaji glasi, na uongeze kama kumi kwa kila mia kwa ajili ya zitakazovunjika. Kama ni vinywaji vya chupa peke yake, unaweza kupunguza. Ila usipunguze kwa wazee na wakwe. Baba mkwe asije akanywa Fanta kwa kuinamisha chupa mbele ya ukoo mzima kwa sababu wewe ulikuwa unabana matumizi.

Sasa tuje kwenye kugonga glasi, maana hapa ndipo fedha za watu hupasukia. Shampeni ikishafunguliwa, muziki unapanda, meza moja baada ya nyingine inanyanyuka, na watu wanakwenda mbele wakicheza, kila mtu na kinywaji chake mkononi, kugonganisha na maharusi. Shangazi anakata kiuno, watoto wanapita katikati ya miguu, mpiga video anarudi kinyumenyume. Glasi yenye mguu mwembamba katika msafara ule haina maisha, na kama umeikodi, utailipa. Mgeni mpe glasi nene ya kawaida, yenye kitako kizito, ya mililita 250 hadi 300. Inafaa kwa maji, juisi, soda na hata huo mvinyo. Chagua isiyo na rangi. Glasi za bluu na zambarau zinapendeza dukani, lakini zinaficha uchafu, na juisi ya embe ndani yake inageuka kitu kisichoeleweka.

Zile ndefu za shampeni ziweke meza kuu peke yake. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi sita za mililita 125, hivyo meza ya watu kumi na wawili inatosheka kwa chupa mbili. Kama mnatumia isiyo na kilevi, kama wanavyofanya walokole wengi, hesabu ni ileile.

Kukodi au kununua? Kwanza soma mikataba uliyokwisha kusaini. Watu wa chakula wengi huja na glasi zao, ukumbi nao unaweza kuwa nazo, na mpambaji anaweza kuwa ameziandika tena kwenye ankara yake chini ya neno “mezani”. Kulipia glasi ileile mara mbili ni rahisi kuliko unavyodhani. Pili, muulize mama yako kuhusu kikundi chake. Vikundi vingi vya akina mama vya kusaidiana kwenye misiba na sherehe vina sahani, masufuria na glasi stoo, na mwanachama hutozwa kidogo au hatozwi kabisa. Mabibi harusi wanaona aibu kuomba huko, nami sielewi kwa nini, maana mama zenu wamevichangia vyombo hivyo miaka yote.

Ikibidi kukodi, uliza bei ya kila glasi itakayovunjika kabla hujalipa amana, na mteue ndugu mmoja mkali azihesabu zikiingia na zikitoka. Asiwe msimamizi wa bibi harusi. Yule ana kazi nyingine. Kununua kwa katoni Kariakoo kuna maana tu kama kuna atakayezitumia baadaye, wewe, dada zako au hicho kikundi. Hapo fungua katoni palepale dukani, upitishe kidole mdomoni mwa kila glasi polepole kutafuta palipomeguka.

Za plastiki zipeleke kwenye meza za watoto. Kwenye bustani ya wazi upepo wa jioni unaziangusha, na mgeni mzima anazishika kama anaogopa kuzibonyeza.

Jambo moja ambalo halimo kwenye picha: shombo. Glasi iliyooshwa kwenye beseni moja na sahani za samaki na mayai inanuka, na maji safi ndani yake hayanyweki. Ziwe na beseni lake na sabuni mpya, zisuuzwe kwa maji yenye siki au ndimu kidogo, zikaushwe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Zikitoka kwenye maji ya moto ziache zipoe kabla ya kutiwa barafu, la sivyo zitapasuka.

Na zile glasi mbili za maharusi, zenye utepe na majina, ambazo mpambaji anakutajia bei ya kukutoa jasho? Nunua mbili za kawaida za shampeni, umwombe fundi wako wa nguo kipande cha utepe wa rangi ya sherehe. Ufunge chini karibu na kitako, usije ukalowa mkinyweshana. Majina achana nayo. Mshereheshaji atayataja usiku kucha.