TUTAZAME BOLJOINTI KABLA HAZIJAKATIKA

Umewahi kuona gari limelala barabarani, gurudumu moja la mbele limejikunja upande kama mguu wa ng'ombe uliovunjika? Watu hukusanyika na kusema dereva alikimbiza mno. Pengine ni kweli. Lakini pengine ubovu ulianza miezi mingi nyuma, katika kipande cha chuma kinachoenea kiganjani. Mafundi wetu hukiita boljointi.

Ukichinja mbuzi, tazama mfupa wa paja unavyoingia kwenye nyonga. Kichwa chake ni mviringo, nacho hukaa ndani ya kikombe. Ndiyo maana mguu unaweza kwenda mbele, nyuma na pembeni. Boljointi ni hivyo hivyo. Ni gololi yenye mkia wa nati, imekaa ndani ya kikombe cha chuma chenye grisi, na juu yake imefunikwa mpira. Mpira ukichanika, vumbi na maji huingia. Grisi ikichanganyika na mchanga huwa kama msasa. Gololi inakwanguka kidogo kidogo, mpaka siku moja inachomoka.

Tuchukue mfano wa aina fulani ya pikapu ya zamani. Bado zipo zinazobeba mahindi na abiria. Kila gurudumu la mbele limeshikwa na mikono miwili ya chuma, mmoja juu na mmoja chini. Kila mkono una boljointi yake. Springi ya gari hili siyo ile ya kujiviringa. Ni chuma kirefu kilicholala chini ya gari, nacho hujinyonga. Chuma hicho kinasukuma mkono wa chini. Kwa hiyo boljointi ya chini ndiyo inayobeba mzigo, nayo ndiyo ya kuogopa zaidi.

Dalili zake ni hizi. Gari linagonga "ko, ko" kwenye mashimo. Usukani unatangatanga. Tairi linalika upande mmoja. Lakini dalili peke yake haitoshi, lazima tupime.

Weka kabari kwenye magurudumu ya nyuma. Weka jeki chini ya mkono wa chini, karibu na gurudumu, kisha inua. Usiweke jeki chini ya chasisi kwa kazi hii ya kupima, maana springi itaendelea kuibana jointi na ubovu hutauona. Sasa shika tairi juu na chini, ulitikise. Mwenzako achungulie kwa tochi. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki. Mchezo ukiisha, ubovu ni wa bearingi ya gurudumu. Ukibaki, tazama boljointi. Tairi likicheza ukilishika kulia na kushoto tu, tazama viungo vya usukani.

Basi tumekuta mbovu. Hapa wako watu watakaokuambia igongwe kikombe kwa nyundo ibane, au ichomelewe. Sisi tunasema hapana. Chuma kilicholika hakirudi, na moto wa kuchomelea unaharibu ugumu wake. Nunua mpya. Nenda dukani na ile ya zamani au namba ya gari iliyoandikwa kwenye daftari. Soma namba iliyo kwenye boksi mwenyewe, usisomewe.

Kubadilisha ni kazi ya watu wawili. Inua gari, lisimamishe juu ya stendi imara chini ya chasisi. Matofali hupasuka, usiyaamini. Toa gurudumu. Kisha rudisha jeki chini ya mkono wa chini, inua mpaka springi ianze kubanwa. Jeki hiyo isiondoke mpaka kazi iishe! Ukifungua jointi bila jeki, mkono utaruka chini kwa nguvu yote ya springi. Unaweza kuvunja mguu wa mtu.

Toa kotapini. Legeza nati, lakini iache imeshika uzi kidogo. Mkia wa jointi umechongoka na umekaza ndani ya tundu lake. Usiugonge kwenye uzi. Weka nyundo nzito upande mmoja wa jicho la chuma, gonga upande wa pili kwa nyundo nyingine. Mara utasikia "ta!", imeachia. Ile nati uliyoiacha itazuia isiruke. Sasa itoe. Funga kwa waya chuma kinachoshika gurudumu, maana kikining'inia kitavuta mpira wa breki. Fungua bolti zinazoshika jointi kwenye mkono, uitoe.

Linganisha mpya na ya zamani. Safisha tundu likauke kabisa. Hapo ndani usipake grisi, chuma kinatakiwa kishikane na chuma. Funga bolti mpya, kaza nati, pitisha kotapini mpya. Tundu lisipolingana, kaza zaidi kidogo mpaka lilingane. Usilegeze hata kidogo. Ile kotapini ya zamani iliyonyooshwa kwa koleo itupwe, bei yake haifai kubishaniwa.

Halafu fanya upande wa pili. Wengi hubadilisha moja ili kuokoa fedha, lakini zote mbili zimetembea barabara ile ile. Baada ya siku chache za kazi, kaza tena nati za magurudumu na bolti za jointi. Ukipita mjini, mwombe fundi apime mwelekeo wa magurudumu.

Andika kwenye daftari la gari tarehe na kilometa. Tangu hapo, kila unapobadilisha oili, ingia chini na tochi utazame ile mipira. Uliochanika leo utakupa muda wa kutafuta fedha.

Maswali ya kujadiliana: Gari linalobeba watu wa kijiji chenu lilipimwa lini mara ya mwisho? Nani anaweka daftari lake?