Kula vya Kwetu Bila Kula Sumu
Kijitabu cha kaya zinazolima mahindi na karanga, Dodoma na Manyara

Chakula cha msimu

Masika shamba linatulisha: mchicha, majani ya kunde, majani ya maboga, mlenda, kisha mahindi mabichi. Kuleni kwa wingi, ndio wakati wake. Kiangazi kuna ubuyu, ukwaju na mboga ulizokausha kivulini. Usiuze kunde na choroko zote ukaja kuwanunulia watoto biskuti na soda.

Kinachotutisha ni kile kilichomo ghalani.

Ukungu

Nafaka yenye ukungu hailiwi.

Kwa nini tunalisema kila mara

Mwaka 2016, hapa Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu, na 20 kati yao walikufa. Kenya, mwaka 2004, waliugua watu 317, wakafa 125; wengi walikula mahindi waliyolima wenyewe. Sumu hii hutokana na ukungu. Moto wa jikoni hauiondoi. Ugali unaweza kuiva vizuri, ukanukia vizuri, na sumu ikawa bado imo.

Kwenye zahanati watu hutuambia yaleyale: tuliosha, tukakoboa, yaliyooza tulipikia pombe, mengine tuliwapa kuku. Kuosha na kukoboa hakumalizi sumu. Pombe na togwa ya mahindi mabovu ina sumu. Ng'ombe akilishwa mahindi hayo, sumu huingia kwenye maziwa, na maziwa anayanywa mtoto wako. Nafaka yenye ukungu hailiwi, haipikiwi pombe, haipewi mifugo. Izike kwenye shimo refu, mbali na kisima.

Uji wa mtoto

Mama anayechanganya mahindi na karanga kwenye unga wa lishe anafanya vema. Lakini hivyo viwili ndivyo vinavyoshika sumukuvu upesi. Chambua punje kwa punje kabla ya kwenda mashineni. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au iliyo chungu, tupa. Usimsagie mtoto mabaki ya chini ya gunia. Badala ya sehemu ya mahindi, weka mtama au uwele uliokauka vizuri. Na hata uwe na kikombe kimoja tu cha karanga, zenye ukungu hazimfai mtoto.

Kukausha na kuhifadhi

Vuna mahindi yakishakauka. Usiyaache shambani yakaangukia udongoni. Anika juu ya turubai au kichanja, kamwe si juu ya ardhi tupu. Jioni funika, umande ni maji. Usipukuchue kwa kupiga fimbo, kwa sababu punje iliyopasuka hushika ukungu haraka. Usijaze gunia kabla ya kupima: weka mahindi kidogo na chumvi kavu kwenye chupa kavu, funga, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado mabichi, rudisha juani. Magunia yakae juu ya vichaga, mbali na ukuta, paa lisivuje. Kagua mara kwa mara. Ukiona ukungu, usichanganye mahindi hayo na mazima ili yasionekane, wala usiyauze. Anayenunua naye ana watoto.

Dalili

Macho kuwa ya manjano, kutapika, tumbo kuuma au kujaa maji, miguu kuvimba. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, usianze na dawa za kienyeji. Beba unga mliokula. Kaya nzima iache kuula, hata wasioumwa.

Ghala likiharibika lote

Najua kaya zinazopika mahindi ya ukungu zikijua ni mabaya, kwa kuwa ndani hamna kingine. Ndugu, usibandike sufuria. Nafaka yenye ukungu hailiwi hata wakati wa njaa. Nenda kwa mtendaji wa kijiji au mhudumu wa afya wa kitongoji chako, sema wazi kwamba chakula kimekwisha, na uende leo.