Kambare Mamba Si Mkunga: Umbo, Upumuaji na Makazi

Malengo: Baada ya somo hili uweze kutofautisha kambare mamba na mkunga, kueleza anavyohimili ukame, na kutetea ulinzi wa makazi yake.

1. Utangulizi
Ukiwa Kasulu au Kibondo uko mbali na bahari, lakini uko jirani na ardhioevu ya Malagarasi–Muyovozi, ya kwanza nchini Tanzania kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Katika vinamasi vyake huishi kambare mamba, Protopterus aethiopicus, samaki mrefu kama nyoka anayeweza kufikia meta 2.

2. Umbo
Ukimtazama haraka utamdhania mkunga, samaki wa miamba ya matumbawe ya Bahari ya Hindi. Wote wawili wana mwili mrefu, na pezi la mgongoni limeungana na la mkiani. Sasa chunguza zaidi. Mkunga wa miamba hana mapezi ya kifuani wala ya tumboni, na hupumua kwa matamvua. Kambare mamba ana jozi mbili za mapezi membamba kama kamba, na ana mapafu mawili. Kwa ukoo, yuko karibu zaidi na wanyama wa miguu minne kuliko na mkunga. Hata jina lisikuchanganye: yeye si aina ya kambare. Kambare hana magamba, huyu anayo.

3. Upumuaji
Maji ya kinamasi yana oksijeni kidogo, kwa kuwa bakteria wanaoozesha mimea huitumia. Kambare mamba hupanda juu kuvuta hewa. Aliyekomaa akizuiwa chini ya maji, hufa kwa kukosa hewa.

4. Kuhimili ukame
Maji yakikauka, huchimba tope, hujikunja na kutoa ute unaokauka kuwa ganda, akiacha tundu la hewa. Shughuli za mwili hupungua. Hutumia misuli yake kupata nishati, na amonia, ambayo ni sumu, hugeuzwa kuwa urea.

5. Angalizo
Usijibu kwamba kukausha kinamasi hakumdhuru kwa sababu anahimili ukame. Ndani ya ganda anasubiri maji tu: hali chakula, hakui, wala hazai. Dume hutengeneza kiota kwenye maji yenye mimea, kisha hulinda mayai na watoto, ambao huanza maisha wakiwa na matamvua ya nje. Kinamasi kikigeuzwa shamba kikauke moja kwa moja, samaki mkubwa anaweza kuishi kwa muda, lakini kizazi kinachofuata hakipo.

Maswali ya kujipima
(a) Taja tofauti mbili kati ya mkunga wa miamba na kambare mamba.
(b) Kwa nini amonia hugeuzwa kuwa urea wakati wa ukame?
(c) Mwanakijiji anasema, "Huyu samaki hahitaji maji." Mjibu kwa hoja mbili.
Dokezo la (c): anza na kiota.