Yoga ya Watoto Muhula wa Kiangazi: Namna ya Kutuliza Darasa Bila Kupandisha Sauti

Pengine shule ya mwanao hapa Uingereza imekuomba usaidie kipindi cha yoga baada ya masomo, au wewe ni mwalimu na unataka kukianzisha. Watoto waliokusikiliza vizuri mwezi wa pili, ukifika mwezi wa sita hawashikiki. Usikate tamaa. Muhula huu una mambo yake, na ukiyajua utaweza kupanga darasa ambalo halihitaji makelele.

Kwa nini watoto husumbua zaidi kipindi hiki?

Katika shule za England, muhula wa kiangazi huanza baada ya Pasaka na huisha katika nusu ya pili ya Julai. Scotland hufunga mapema, karibu na mwisho wa Juni. Mwezi Mei wanafunzi wa mwaka wa 6 wa England wana mitihani ya taifa, halafu hufuata siku ya michezo, matembezi na maandalizi ya kuhamia darasa jipya. Ratiba hubadilika kila mara. Juu ya hayo, mwezi Juni jua la London huzama baada ya saa 3 usiku, na mtoto hakubali kulala kukiwa bado na mwanga. Mwenye miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi. Ongeza joto juu ya uchovu huo, na utundu mwingi utaona umetoka wapi: mwili umechoka. Kwa hiyo, kabla ya kukemea, angalia mwili.

Nahitaji kibali gani, na ni pauni ngapi?

Katika England, anayefundisha watoto mara kwa mara hufanyiwa ukaguzi wa DBS wa kiwango cha juu, yaani kuangalia kama ana rekodi ya makosa ya jinai au amezuiwa kufanya kazi na watoto. Zungumza na ofisi ya shule, itakuelekeza. Tangu Desemba 2024 ada ya serikali ni pauni 49.50. Anayejitolea bila malipo halipi ada hiyo, ingawa wanaoshughulikia maombi wanaweza kutoza kiasi kidogo. Si lazima ununue mikeka ya yoga mara moja. Uliza kwanza kama shule ina magodoro membamba ya mazoezi. Usitumie taulo kwenye sakafu laini, huteleza.

Niandae nini kabla watoto hawajaingia?

Muulize mwalimu wao nani ana pumu, nani ana mzio, na nani anahitaji msaada wa pekee. Kuanzia mwisho wa Mei chavua ya nyasi huwa nyingi hewani, na wapo watakaopiga chafya na kujikuna macho. Hao si watukutu. Funga madirisha yanayotazama uwanja wa nyasi, na pampu ya pumu iwe karibu. Kukiwa na joto kali, kaa ndani au kivulini, hasa kati ya saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri, na kila mtoto awe na chupa ya maji. Tandika mikeka kwa duara ili uwaone wote, ukiacha nafasi ya kutosha mikono isigongane. Viatu vipangwe ukutani. Kisha weka kanuni tatu tu: tunabaki kwenye mkeka wetu, hatumgusi mwenzetu, na ukiumia unasema.

Nianze vipi?

Usianze kwa kuwaambia wakae kimya. Wametoka kukaa kwenye viti siku nzima. Wape kwanza dakika 5 za kuruka, kutembea kama kaa na kuganda ukipiga makofi. Hayo makofi ndiyo yatakuwa ishara yako kipindi kizima: unapiga matatu, nao wanajibu kwa matatu, kisha kimya. Baada ya hapo ingia kwenye mikao wanayoipenda, kama paka, simba na mti.

Na yule anayesumbua?

Tuseme watoto wamesimama kwa mguu mmoja, mkao wa mti, na mvulana wa miaka 7 anampiga teke jirani yake. Usimwite kwa sauti mbele ya wote. Sogea karibu naye, inama mpaka uso wako ulingane na wake, taja jina lake, umwambie la kufanya: “Rudisha miguu kwenye mkeka wako, halafu nionyeshe mti wako.” Akitii, msifu pale pale. Akiendelea, mpe chaguo: aendelee na wenzake, au apumzike kwenye mkeka wa pembeni na arudi akiwa tayari. Mara nyingi mtoto wa namna hii hutulia akipewa kazi, kama kuwa mpiga makofi wa siku.

Mtoto akijamba katikati ya zoezi, darasa zima litacheka. Cheka nao kidogo, sema mwili unafanya kazi yake, halafu waongoze kuvuta pumzi ndefu.

Kuna jambo moja usilifanye kabisa: usigeuze mkao kuwa adhabu. Wengi wetu tulikulia kwenye kupigishwa magoti na kurushwa kichura, na tunajua mtoto huchukia kilichomuumiza. Kumchapa mwanafunzi ni marufuku kisheria katika shule zote za hapa. Usimsukume wala kumvuta ili anyooke; muulize kwanza kama unaweza kumgusa.

Nifunge vipi kipindi?

Walaze chali, kila mmoja na mwanasesere mdogo au soksi iliyokunjwa juu ya tumbo, atazame inavyopanda na kushuka anapopumua. Anza na dakika moja tu, uongeze kadiri wanavyozoea. Asiyetaka kufumba macho asilazimishwe.

Wazazi niwaambie nini?

Waeleze wazi unachofundisha. Wapo Waislamu na Wakristo wanaohofia kuwa yoga ni ibada. Waambie unafundisha kupumua na kujinyoosha bila nyimbo za dini, na wakaribishe waje kutazama. Mzazi wa mtoto aliyesumbua mwanzie kwa jema alilofanya mwanawe, kisha mwulize kuhusu usingizi. Pazia zito chumbani na kulala saa ile ile kila siku husaidia sana.

Mtoto akikueleza jambo la kutisha kutoka nyumbani, usimwahidi kwamba utaficha. Msikilize, kisha siku hiyo hiyo mwone mhusika wa usalama wa watoto. Kila shule ya England lazima iwe naye. Jina lake liulize ofisini siku ya kwanza, kabla hujatandika mkeka hata mmoja.