Setilaiti na Ozoni: Jinsi Gesi za Hewani Zipimwavyo Kutoka Juu

Watu wengi wasikiapo kwamba setilaiti hupima gesi za hewani hudhani kwamba chombo hicho huchota hewa na kuipitisha katika mitambo yake, kama mwanafunzi akusanyavyo gesi katika neli ya majaribio. Sivyo hata kidogo. Setilaiti Nimbus 7, iliyorushwa na Marekani tarehe 24 Oktoba 1978, ilizunguka dunia kwa kimo cha kilomita 955 hivi, mahali ambapo karibu hakuna hewa ya kuchota. Kilichofika katika ala zake ni mwanga tu. Kiasi cha gesi hupatikana baadaye, kwa hesabu, na hesabu yaweza kuwa sahihi au ikapotoka bila ya mwenye kuifanya kujua. Kati ya mwaka 1983 na 1985 jambo hilo nusura lichelewesha zaidi mojawapo ya habari kubwa za sayansi ya karne ya ishirini. Kisa hicho kinafaa kusomwa na kila mwanafunzi wa fizikia na kemia.

Mwanga uliopungua

Ozoni ni aina ya oksijeni ambayo kila molekuli yake ina atomu tatu badala ya mbili. Sehemu kubwa ya ozoni, yapata asilimia 90, imo katika tabaka la hewa liitwalo stratosfia, juu ya mawingu ya mvua. Wingi wake ni mdogo mno. Kama ozoni yote iliyo juu ya kichwa cha mtu ingeshushwa hadi usawa wa bahari na kupozwa hadi nyuzi 0 za Selsiasi, ingekuwa utando wenye unene wa milimita 3 tu. Wanasayansi huupima unene huo kwa kipimo kilichopewa jina la Gordon Dobson, mwanafizikia wa Oxford aliyebuni ala ya kupimia ozoni katika miaka ya 1920. Dobson 100 ni milimita 1. Kwa hiyo milimita 3 ni Dobson 300. Utando huo mwembamba ndio ufyonzao sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno ya jua, ile inayounguza ngozi na kudhuru macho na mimea.

Tabia hiyo ya kufyonza ndiyo iwezeshayo ozoni kupimwa kwa mbali. Ozoni haifyonzi miale yote kwa kadiri moja. Mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanometa 312 hufyonzwa sana. Ule wa nanometa 360 au 380 hupita karibu bila kuguswa. Ala iliyoitwa TOMS, iliyokuwamo ndani ya Nimbus 7, ilitazama chini na kupima mwanga wa jua uliorudishwa juu na hewa, mawingu na ardhi, kwa mawimbi sita ya urefu mbalimbali kati ya nanometa 312.5 na 380.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani kwa bilauri tatu za maji yaliyotiwa wino mwekundu kidogo. Bilauri zikipangwa moja nyuma ya nyingine na kumulikwa kwa tochi iliyofunikwa karatasi ya nailoni ya buluu, mwanga utazidi kufifia kwa kila bilauri inayoongezwa. Tochi ikifunikwa nailoni nyekundu, mwanga utapungua kidogo tu. Atakayelinganisha mianga hiyo miwili aweza kukisia idadi ya bilauri bila kuziona.

Na ichukuliwe, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba kila milimita 1 ya ozoni hupunguza kwa nusu mwanga wa wimbi la kwanza na kuuacha mwanga wa wimbi la pili kama ulivyo. Ozoni ya milimita 2 itaacha robo ya mwanga wa kwanza, na ya milimita 3 itaacha thumni. Uwiano wa mianga miwili, yaani 1/4 au 1/8, ndio utakaotaja unene. Kwa nini mianga miwili, wala si mmoja? Kwa sababu chini pana mawingu, theluji, bahari na misitu. Wingu jeupe laweza kurudisha mwanga mara nyingi kuliko bahari, lakini huongeza mianga yote miwili karibu kwa kadiri moja, na uwiano haubadiliki. Hapo ndipo palipo werevu wa njia hii. Katika hali halisi hesabu ni ngumu zaidi, kwani mwanga hupita katika ozoni mara mbili, unaposhuka na unapopanda, tena hupita kwa mshazari jua likiwa chini. Kwa hiyo wataalamu huandaa mapema majedwali yanayoonyesha uwiano utakaoonekana kwa kila kiasi cha ozoni kinachotazamiwa, na kompyuta hutafuta humo jibu lililo karibu na kipimo.

Maneno yale, "kinachotazamiwa", ni ya kukumbukwa.

Faida ya setilaiti ni kuona kote. Nimbus 7 ilizunguka dunia kwa dakika 104 hivi, ikipita karibu na ncha zote mbili. Siku ina dakika 1,440. Kwa hiyo mizunguko ilikuwa karibu 14 kwa siku. Katika dakika 104 dunia nayo hugeuka, na mstari wa ikweta husogea kilomita 2,900 hivi. TOMS ilifagia ukanda wenye upana unaokaribia umbali huo, ikitazama upande mmoja hadi mwingine, hata ikaweza kuchora ramani ya ozoni ya sehemu yote ya dunia iliyokuwa na mwanga wa jua, kila siku.

Kituo cha Halley Bay

Wakati huohuo, katika barafu ya Antaktika, Waingereza walikuwa na kituo kiitwacho Halley Bay, kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa maandalizi ya Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia wa 1957 na 1958. Kituoni mlikuwa na ala ya Dobson. Ala hiyo hukaa ardhini na kutazama juu: nayo hulinganisha mianga miwili ya jua, kwa kanuni ileile. Ilikuwa kazi ya kuchosha isiyokuwa na sifa. Mwaka baada ya mwaka watumishi wa kituo waliandika tarakimu, na mwaka baada ya mwaka tarakimu za Oktoba zilikuwa karibu na Dobson 300.

Kuelekea mwisho wa miaka ya 1970 zilianza kushuka. Ilipofika mwaka 1984 wastani wa Oktoba ulikuwa karibu na 200. Joseph Farman na wenzake, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, hawakukimbilia kutangaza. Ala yao ilikuwa kuukuu. Labda ndiyo iliyokosea. Tena, setilaiti ya Marekani ilikuwa ikipita juu ya Antaktika kila siku, na wenyewe hawakuwa wametaja upungufu wowote. Ala nyingine ikapelekwa Halley Bay. Nayo ikatoa majibu yaleyale. Vipimo vya kituo kingine cha Waingereza kilichoko kaskazini zaidi navyo vilionyesha upungufu, ingawa mdogo. Makala yao yakachapishwa katika jarida la Nature mwezi Mei 1985.

Alama ya mashaka

Je, setilaiti haikuona kitu? Hadithi iliyoenea, hata katika vitabu kadhaa, ni kwamba kompyuta za Marekani zilizitupa tarakimu ndogo kwa kuwa haziaminiki. Hadithi hiyo inapendeza lakini si sahihi. Hakuna tarakimu iliyotupwa. Programu ya kompyuta ilikuwa imeagizwa kwamba kila jibu lililo chini ya Dobson 180 litiwe alama ya mashaka, kwa kuwa hakuna kituo chochote duniani kilichokuwa kimewahi kupima kiasi kidogo namna hiyo. Agizo lenyewe lilikuwa la busara. Ala ikiharibika angani hakuna fundi wa kuitazama.

Mwaka 1984 wataalamu waliokuwa wakishughulikia vipimo vya Oktoba 1983 waliona kwamba alama zile zilikuwa nyingi kupita kiasi, na zote zimekusanyika juu ya Antaktika. Wakafanya lililowapasa: wakatafuta kipimo cha ardhini cha kulinganishia. Walichokipata kilitoka kituo cha Marekani cha Ncha ya Kusini, nacho kilionyesha kama Dobson 300, yaani hali ya kawaida. Basi setilaiti ikadhaniwa kuwa ndiyo yenye hitilafu. Baadaye ilibainika kwamba vipimo vya Ncha ya Kusini ndivyo vilivyokuwa na kosa. Hivyo shahidi mmoja mbovu wa ardhini aliwafanya watu wasiiamini ala iliyokuwa ikisema kweli.

Baada ya kuvithibitisha tena vipimo vyao, Wamarekani walivionyesha katika mkutano wa wataalamu mjini Prague mwezi Agosti 1985, na mwaka 1986 vikachapishwa. Sasa ndipo thamani ya setilaiti ilipodhihirika. Halley Bay ilikuwa nukta moja tu. Ramani za TOMS zilionyesha kwamba upungufu ulifunika bara zima, ukitokea kila Septemba na Oktoba jua lirudipo baada ya giza la kipupwe, na kutoweka kabla ya mwisho wa mwaka.

Sababu yake ilikuwa imedokezwa tangu mwaka 1974, Mario Molina na Sherwood Rowland walipoonya kwamba gesi za klorofluorokaboni, zilizotumika katika majokofu na makopo ya kupulizia dawa, hupanda hadi stratosfia na huko kuachilia klorini inayoharibu ozoni. Ambalo halikutazamiwa ni kazi ya mawingu ya barafu ya stratosfia ya Antaktika, ambako baridi hupita nyuzi 78 chini ya sifuri: juu ya chembe za mawingu hayo klorini hutayarishwa wakati wa giza, kisha mwanga wa kwanza wa jua huifanya kazi kwa kasi. Mapatano ya kuzipunguza gesi hizo yalitiwa saini Montreal tarehe 16 Septemba 1987, kwa juhudi kubwa za Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi, ambalo wakati huo liliongozwa na Mmisri, Mostafa Tolba. Tathmini ya kimataifa ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba ozoni ya Antaktika itarudi katika kiwango cha mwaka 1980 karibu na mwaka 2066.

Ikumbukwe pia kwamba setilaiti nayo huzeeka. Nimbus 7 ilikuwa na bamba la kutawanyia mwanga wa jua, ili mwanga utokao duniani ulinganishwe na ule wa jua lenyewe. Bamba hilo, kwa kukaa miaka mingi katika jua lisilochujwa na hewa, lilififia. Kompyuta haikujua hilo. Ikasoma kufifia kwa bamba kana kwamba ni kupungua kwa ozoni, na upungufu wa dunia nzima ukaonekana mkubwa kuliko ulivyokuwa. Ni ala za Dobson za ardhini, zile kuukuu, zilizosaidia kuifichua hitilafu hiyo, na vipimo vikahesabiwa upya.

Moshi wa nchi za joto

Kanuni ya kutambua gesi kwa mwanga iifyonzao haihusu ozoni peke yake. Mwezi Novemba 1981 chombo cha anga Columbia kilibeba ala iliyopima kaboni monoksaidi kwa miale ya joto itokayo duniani. Ndani ya ala mlikuwa na kichupa chenye gesi hiyohiyo, kikitumika kama mizani ya kulinganishia. Wengi walidhani kwamba gesi hiyo ingeonekana zaidi juu ya nchi za viwanda za kaskazini. Ikaonekana kwa wingi juu ya nchi za joto, Afrika ikiwamo. Chanzo kikubwa ni moto wa nyika na misitu, ule uchomwao kila kiangazi kwa kuandaa mashamba na malisho.

Hivi sasa Sentinel-5P ya Ulaya, iliyorushwa tarehe 13 Oktoba 2017, hupima ozoni, kaboni monoksaidi, nitrojeni dioksaidi itokayo katika magari na mitambo ya umeme, na gesi nyinginezo. Kila nukta ya picha yake, kwa gesi nyingi kati ya hizo, ina ukubwa wa kilomita 5.5 kwa 3.5. Ni maendeleo makubwa, lakini nukta moja ya namna hiyo yaweza kumeza soko, stendi ya mabasi na mitaa tulivu kwa pamoja, na setilaiti hupita yapata saa saba na nusu mchana, msongamano wa magari wa asubuhi ukiwa umekwisha. Tena hupima gesi yote iliyo kati yake na ardhi. Haiwezi yenyewe kusema ni kiasi gani kimo katika hewa aivutayo mwuza magazeti kando ya barabara.

Ndiyo maana kazi ya ardhini haijapitwa na wakati. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa hali ya hewa wa Kenya wamekuwa wakirusha kutoka Nairobi maputo yenye ala ya kupima ozoni kadiri yanavyopanda, na vipimo hivyo hutumika kusahihishia vya setilaiti. Mwaka 1999 kituo cha kuchunguza hewa kilifunguliwa katika Mlima Kenya, kwa kimo cha mita 3,678. Ukilinganishwa na ukubwa wa Afrika, mtandao wa vituo vya namna hii ni mwembamba sana.

Zoezi. Kwa kutumia kanuni ya kubuni iliyotajwa juu, ya kila milimita kupunguza mwanga kwa nusu, mwanafunzi atengeneze jedwali la uwiano kwa ozoni ya milimita 2, 3, 4 na 5. Kisha apewe vipimo vitatu vya uwiano: 1/16, 1/6 na 1/2. Cha kwanza kimo katika jedwali. Cha pili kimo kati ya mistari miwili, akikadirie. Cha tatu kiko nje ya jedwali kabisa. Darasa lijadili afanye nini nacho, na ni nani wa kuulizwa.