Metronomu Iifuate Kwaya: Somo la Kuongeza Kinanda kwenye Rekodi ya Zamani



Wapo walimu wa kwaya katika vigango vya Bariadi, Maswa na Itilima wanaotunza kaseti zilizorekodiwa kabla kigango hakijapata kinanda. Leo mwenye kompyuta nyumbani anaweza kuongeza kinanda juu ya sauti hizo. Shida huanza anapowasha metronomu: beti moja haijaisha, mlio uko huku na kwaya iko kule.

Sisi wenyewe tulikosea. Tulipewa kaseti ya kigango kimoja nje ya mji wa Bariadi, ambayo baadhi ya waimbaji wake wameshafariki. Tukaweka metronomu kwenye mapigo 96 kwa dakika, kisha tukaifanya kompyuta ivute na kubana sauti hadi kila neno likae juu ya mlio. Mama mmoja aliyeimba sauti ya kwanza alisikiliza hadi mwisho, akasema kwa upole: “Wanangu, maneno ni yetu, lakini hawa si sisi.” Alisema kweli. Tulikuwa tumeondoa pumzi zao.

Kwa nini mlio na kwaya huachana?

Johann Maelzel alipata hataza ya metronomu mwaka 1815, na Beethoven alikuwa miongoni mwa watunzi wa kwanza kuandika namba zake kwenye kazi zao. Namba hiyo huonyesha mwendo wa wimbo, lakini waimbaji ni watu. Kiongozi akianzisha na wengine wakapokea, mara nyingi mwendo huongezeka. Karibu na mwisho hupungua. Tofauti ndogo hujikusanya. Kwaya ikiimba mapigo 96 na metronomu ikapiga 97, baada ya dakika 3 moja imefika pigo la 288 na nyingine la 291.

Hatua za kufuata

1. *Tunza rekodi ya asili.* Ihamishie kwenye kompyuta kwa programu ya bure kama Audacity, kisha fanya kazi kwenye nakala tu.

2. *Kagua kasi ya kaseti.* Redio kaseti iliyochoka huweza kukimbiza au kuchelewesha mkanda, na sauti hupanda au kushuka pamoja na mwendo. Linganisha na kinanda. Kama wimbo unaangukia katikati ya noti mbili, sahihisha kasi ya rekodi nzima kwa mara moja.

3. *Tafuta pigo la kwanza lenye nguvu.* Kiongozi akianza peke yake kwa uhuru, sehemu hiyo iache bila metronomu. Anza kuhesabu kwaya inapopokea.

4. *Hesabu mapigo.* Pigo la kuanzia liite sifuri, la pili liite moja, na kuendelea. Wengi hukosea hapa. Zidisha idadi kwa 60, kisha gawanya kwa sekunde zilizopita. Mapigo 64 kwa sekunde 41 ni takriban 93.7 kwa dakika.

5. *Gawa wimbo katika mafungu.* Weka alama kila baada ya mapigo 8, na kila fungu lipewe namba yake. Programu kama Reaper huruhusu mwendo wa metronomu kubadilika katikati ya wimbo. Fungu moja linaweza kuwa 94, linalofuata 96, na la mwisho 90.

6. *Jihadhari na namba maradufu.* Katika wimbo wa 6/8, usichanganye mapigo mawili makubwa na sita madogo. Piga makofi kama waamini wapigavyo kanisani, uhesabu makofi hayo.

7. *Sikiliza wimbo wote* kabla ya kupiga kinanda. Mlio ukipotea mahali, rekebisha alama ya mahali hapo, usiiguse sauti ya kwaya.

Rekodi hii ni ya nini?

Maelekezo ya Kanisa kuhusu muziki mtakatifu, ya tarehe 3 Septemba 1958, yalikataza mashine za kucheza muziki zitumike ndani ya ibada. Hata hivyo, yaliruhusu zitumike nje ya ibada kuwafundisha waamini nyimbo. Basi kazi yetu ya nyumbani ina mahali pake: siku ya mazoezi. Vijana watajifunza kutoka kwa wazee wao, kisha Dominika wataimba wenyewe.

Kaseti yetu tuliirudia upya kwa njia hii. Kinanda kilijifunza kusubiri pale mama zetu walipovuta pumzi.

Zoezi: Chukua wimbo mmoja wa kwaya yako uliorekodiwa bila metronomu. Hesabu mapigo 32 ya mwanzo na 32 ya mwisho. Namba zikitofautiana, uliza: waliharakisha kwa kosa, au maneno ndiyo yaliyowasukuma?